Kisa cha Msimulizi Aliyemwandama wa Kwanza: Skii Krosi ya Wanaume Katika Ukumbi wa Tanga

Usuli

Ukumbi mmoja wa mjini Tanga, ule unaojaa siku Coastal Union anapocheza ugenini, ulikubali kuonyesha mbio za skii krosi za wanaume, yaani kushuka njia ya theluji kwa skii wanne kwa pamoja, kutoka mashindano makubwa ya kimataifa yaliyofanyika Ulaya. Picha ilikuja kwa intaneti na sauti ya lugha ya kigeni. Kikundi cha vijana wanaojifunza utangazaji wa michezo kiliomba sauti ile izimwe, nao wasimulie kwa Kiswahili, mubashara, mbele ya watu. Jina la ukumbi, la kikundi, la mashindano na mwaka vimeondolewa hapa, na wanaskii wa siku ile wanatajwa kwa rangi za vizibao vyao tu.

Waliofanya kazi walikuwa wanne: msimulizi mkuu, msimulizi msaidizi, karani wa jedwali na fundi wa sauti. Mkuu alikuwa na misimu mitatu ya kutangaza ndondo na mbio za baiskeli, sauti anayo, pumzi anayo. Watazamaji walikuwa kama 60: vijana wa bodaboda, mafundi baiskeli, wavuvi waliokwisha uza wakatoka Deep Sea, na wazee wachache waliokuja kwa ajili ya chai na viazi vya karai kuliko kwa ajili ya mbio. Hakuna aliyewahi kukanyaga theluji.

Mchezo wenyewe, kwa kiasi kinachohitajika

Skii krosi iliingia Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 2010, Vancouver. Wanaoanza mtoano katika kisa hiki walikuwa 32. Kwanza kila mmoja hushuka peke yake dhidi ya saa, na muda wake humpa namba, 1 hadi 32. Baada ya hapo saa haina kazi tena. Wanashuka wanne wanne, wawili wa mbele wanasonga, wawili wa nyuma wanafunga virago. Mbio 8 za raundi ya kwanza, 4 za robo fainali, 2 za nusu fainali, kisha fainali ndogo ya waliotolewa nusu fainali, ya kugawa nafasi ya 5 hadi ya 8, na fainali kuu ya nafasi ya 1 hadi ya 4. Jumla ni mbio 16, kila moja dakika moja na ushei.

Kwenye jedwali kuna hesabu ndogo inayomfaa karani. Namba 1 hukutanishwa na 16, 17 na 32. Namba 8 hukutana na 9, 24 na 25. Kila kundi la raundi ya kwanza likijumlishwa hutoa 66. Karani akipata 65 au 67, ameandika vibaya, na ni heri ajue kabla lango halijaanguka.

Rangi nazo zina maana yake. Mwenye namba bora kati ya wanne huvaa nyekundu na ndiye wa kwanza kuchagua lango la kuanzia. Wa pili kijani, wa tatu buluu, wa nne njano. Kwa kuwa kila raundi inakutanisha watu wapya, mtu aliyekuwa wa kijani saa hii anaweza kuwa mwekundu baada ya nusu saa. Hapo ndipo wasimulizi wengi wageni huanguka.

Njia ina mita elfu moja na kitu: matuta ya mfululizo, miruko, na kona zilizoinuliwa kingo kama bakuli. Kugusana hakuepukiki pale wanne wanapoingia kona moja, na mguso wa bahati mbaya si kosa. Kosa ni kusukuma, kuvuta, au kumfungia mwenzio njia kwa makusudi. Waamuzi hurudia video, na wanaweza kutoa kadi ya njano, kadi nyekundu, au kumshusha mtu awekwe wa mwisho katika mbio ile hata kama amevuka wa pili.

Maandalizi, na ugomvi wa maneno

Siku mbili kabla, kikundi kilikaa na picha za mbio za zamani kutafuta maneno. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote walizofanya, na bado haikutosha.

Shida ya kwanza ilikuwa neno lenyewe la mchezo. Taarifa za habari husema "kuteleza kwenye theluji". Kwenye habari ya sekunde ishirini halina madhara. Kwenye usimulizi wa mubashara, "kateleza" maana yake kaanguka, au yuko njiani kuanguka. Walipojaribisha mbele ya jirani mmoja, msimulizi alisema "Mwekundu anateleza vizuri sana", mzee wa watu akauliza: "Mwanangu, mbona wasema yuateleza na mie namwona yuaenda?" Wakahamia "kuserereka", neno ambalo kila mtoto aliyeshuka mchanga wa kilima kwa makalio analijua, na "kuteleza" likabaki kwa ajili ya ajali tu. Uamuzi ule ulishika mpaka mwisho wa siku na haukuleta swali hata moja.

Matuta yakawa matuta, maana mtu yeyote wa barabara ya Pangani hahitaji kufafanuliwa. Kona zenye kingo zikawa "kona za bakuli". Kuanza kwa kasi kukawa "kuchomoka", kama kwenye mbio za baiskeli.

Neno lililowaponyoka ni la upepo. Katika skii krosi anayeongoza hupasua hewa, na anayemfuata mgongoni hupata hewa iliyokwisha kuvunjwa, hivyo huokoa nguvu na kuongeza mwendo, kisha kwenye nyoofu ya mwisho huchomoka na kupita. Msimulizi mkuu, akitaka kuwapendeza watu wa bahari, alichagua kusema "amezibwa upepo" na "yuko demanini kwa mwenzake", yaani upande uliokingwa na upepo. Msaidizi hakupinga. Ubaya wa chaguo hilo ulionekana mbele ya watu.

Vifaa vilikuwa projekta moja, kitambaa cheupe cha mita tatu, kompyuta, spika mbili na vipaza sauti viwili. Jenereta liliwekwa nje na mafuta lita kumi. Umeme haukukatika, kwa hiyo tuliache. Walichosahau ni jua: madirisha ya upande wa magharibi hayakuwa na mapazia, na mbio zilianza saa tisa alasiri.

Alasiri yenyewe

Mbio mbili za kwanza zilipita salama. Ya tatu ilionyesha ugonjwa wote.

Mwekundu alichomoka vizuri, na baada ya tuta la pili alikuwa peke yake. Msimulizi mkuu akamdaka. Akamsimulia magoti, akamsimulia mikono iliyokunjwa mbele ya kifua, akamsimulia mruko mrefu, mwili umelala mbele kama samaki anayerudi majini. Maneno mazuri. Wakati huohuo, mita 15 nyuma yake, wa Kijani, wa Buluu na wa Njano walikuwa wamebanana mabega. Wa Njano aliingia kona ya bakuli kwa juu, akashuka kwa ndani, akawapita wawili kwa mpigo. Ukumbi ulilipuka. Msimulizi alikuwa bado juu ya magoti ya Mwekundu. Watazamaji wakamgeukia, naye akawatazama bila kujua wanashangilia nini, halafu akasema, "Naam, ushindi mzuri." Mbio ilikuwa imeamuliwa sekunde saba kabla, na haikuamuliwa na mshindi.

Mbio ya tano ndiyo iliyoleta upepo. Wa Buluu alikaa mgongoni mwa wa Kijani kwenye nyoofu. Msimulizi akapaza: "Wa Buluu kazibwa upepo! Yuko demanini!" Safu ya wavuvi ikatikisa vichwa kwa huruma, huyo kwisha kazi. Kwao, chombo kilicho joshini, upande upepo unakotoka, kikikuziba upepo, tanga lako linalegea na unabaki unaelea. Sekunde tatu baadaye wa Buluu alichomoka na kumpita mwenzake kama aliyefunguliwa kamba. Wavuvi wakacheka, kisha wakaanza kutoamini kila kilichosemwa. Mmoja akamwambia msimulizi kwa sauti ya kusikika, "Kaka, bahari usiitie maneni yasiyo yake." Wachache walimrekebisha, "maneno", lakini hoja ilikuwa imefika.

Jua nalo lilikuwa limefika kwenye kitambaa. Buluu na kijani zikawa rangi moja ya majivu. Kwa mbio mbili nzima msaidizi alikuwa anakisia, na mara moja aliwabadilisha wanaskii katikati ya njia. Vijana wawili walipanda viti wakatundika turubai la bodaboda dirishani, kazi ya dakika nne iliyopaswa kufanywa asubuhi.

Halafu robo fainali ya kwanza. Wa Kijani na wa Buluu waligongana kwenye kona ya mwisho. Wa Kijani aliyumba, akapoteza mwendo, wa Buluu akavuka wa pili. "Wa Buluu kafuzu nusu fainali!" alitangaza mkuu, na mbele yake kijana mmoja akamnyang'anya mwenzake chupa ya soda waliyowekeana, akainywa. Picha ikarudia mgongano mara moja. Ikarudia tena kwa upande wa pili. Ikarudia polepole. Kisha likatokea jedwali: wa Buluu kawekwa wa mwisho katika mbio, wa Kijani kasonga.

Mkuu alinyamaza muda mrefu. Alipofungua kinywa alisema, "Kumbe matokeo yamebadilika." Yalikuwa hayajabadilika. Yalikuwa hayajatoka. Alichobadilisha ni kauli yake, na watu waliisikia tofauti hiyo vizuri kuliko yeye. Mwenye soda alidai soda. Aliyeinywa akasema alikunywa kwa mujibu wa tangazo. Hoja yake haikuwa mbaya.

Dakika kumi na mbili za mapumziko

Adhana ya alasiri ilikuta robo fainali hazijaisha. Kulikuwa na njia mbili: kuendelea kwa sauti ya chini, au kusimamisha picha na kuirudisha kutoka pale ilipoachwa. Waliisimamisha. Faida ilikuwa heshima na nafasi ya kuongea. Hasara: baada ya hapo ukumbi ulikuwa nyuma ya dunia kwa dakika 12, na mwenye bando kwenye simu aliweza kujua matokeo kabla ya wenzake. Fundi wa sauti aliomba simu zizimwe. Hazikuzimwa zote.

Nyuma ya pazia, msaidizi ndiye aliyelitamka: "Mkuu, wewe wamwangalia wa kwanza, na hawa watu wamwangalia wa tatu." Mkuu hakubisha. Wakagawana upya kama ifuatavyo.

Mkuu angesimulia kuchomoka, yaani kutoka langoni mpaka baada ya kona ya kwanza, kwa sababu hapo wote wanne wako pamoja na sauti yake inafaa. Kuanzia hapo, kipaza sauti kingekuwa cha msaidizi, na kazi yake ingekuwa moja: pengo kati ya wa pili na wa tatu. Mwenye kuongoza angetajwa kwa sentensi fupi kila baada ya mruko, asisahaulike, asipewe zaidi. Mkuu angerudi kwenye mita za mwisho.

Karani, ambaye mpaka hapo aliandika tu, alipewa mamlaka. Maneno ya mwisho wa mbio yakawa matatu. "Amevuka" ni la yeyote anayeuona mstari. "Inaangaliwa" ni la msimulizi, likisemwa kila mara kukiwa na mguso au miguu iliyolingana, hata kama yeye mwenyewe ana hakika. "Amesonga" lilikatazwa mpaka karani ainue karatasi nyeupe, na karani haiinui mpaka jedwali rasmi litokee kwenye picha. Neno "amefuzu" lilifutwa kabisa, kwa kuwa lilikuwa limekwisha chafuka.

Upepo ukahamishwa kutoka baharini kwenda barabarani. Kila mtu wa Tanga aliyeendesha baiskeli anajua raha ya kukaa nyuma ya lori la mkonge kwenye barabara ya Muheza, pedali nyepesi kama hakuna mnyororo. "Kala mgongo wa lori" ikawa kauli mpya.

Nusu fainali na fainali

Mbio zilizobaki za robo fainali ziliwasaidia kuzoea. Msaidizi alikwaruza mara mbili, lakini kitu kimoja kilionekana palepale: watu waliacha kumgeukia msimulizi. Macho yalibaki kwenye kitambaa.

Nusu fainali ya pili ilikuwa mtihani. Wa Buluu na wa Njano walifika mstarini wakiwa wamejinyoosha, mmoja mkono mbele, mwingine ncha ya skii mbele. Msaidizi: "Wamevuka. Inaangaliwa." Kwa kiasi cha dakika moja hakukuwa na picha mpya ila wanaskii wawili wakihema. Hapo mkuu aliingia na kueleza kamera ya mstarini: kinachohesabiwa ni sehemu ya kwanza ya mwili au ya skii kugusa mstari, kwa hiyo kujinyoosha si mbwembwe. Yule mzee wa "yuateleza" akauliza kama ulimi nao unahesabika. Kicheko kikala sekunde kumi na tano kati ya zile sitini, na karani akasimama wima, karatasi chini, kama askari wa lindo. Jedwali likatokea, karatasi ikapanda, "Wa Njano amesonga!" Shangwe ile ilikuwa kubwa kuliko ya fainali.

Fainali yenyewe haikwenda vizuri kama hiyo. Kwenye fainali kuu hakuna wa kusonga. Kuna medali tatu na mtu mmoja anayekosa. Pengo linalouma si tena kati ya wa pili na wa tatu, ni kati ya wa tatu na wa nne, na wa kwanza anarudi kuwa na thamani yake yote. Kikundi hakikuwa kimelifikiria hilo. Msaidizi aliendelea kung'ang'ania wa pili na wa tatu kwa mazoea ya nusu saa, mkuu akashindwa kujizuia akamrukia mshindi, na kwa kama sekunde nane ukumbi ulisikia sauti mbili zikisemana. Aliyepoteza shaba alipotea bila kutajwa hata kwa rangi. Fainali ndogo, iliyotangulia, walikuwa wameitumia kunywa maji.

Matokeo

Kati ya watu kama 60, karibu 45 walibaki mpaka mwisho. Maswali yaliyoulizwa baadaye yalihusu zaidi waamuzi na kona za bakuli, machache sana yalihusu theluji. Wasimulizi waliombwa kurudi. Soda ililipwa na fundi wa sauti, ingawa hakuna aliyemdai.

Uchambuzi

Kosa la kumwandama wa kwanza halikutokana na uvivu. Lilitokana na ujuzi. Mtangazaji wa mpira hufuata mpira, na mpira ni mmoja. Mtangazaji wa baiskeli hufuata anayeongoza kwa kuwa mbio nzima ni moja, na wa kwanza ndiye mwenye zawadi. Skii krosi ya makundi ni mbio yenye mstari wa kukata katikati ya watu wanne, na mstari huo unahama: baada ya wa pili katika mtoano, baada ya wa tatu katika fainali kuu. Anayeongoza kwa mita 15 katika robo fainali ni mtu aliyemaliza kazi; hata yeye mwenyewe anajua kwamba wa kwanza na wa pili hapo wana thamani moja. Mgawanyo wa mapumziko ulifaulu kwa sababu uliweka jicho la mtu mmoja juu ya mstari huo kwa makusudi. Ulishindwa kwenye fainali kwa sababu uliandikwa kama "wa pili na wa tatu" badala ya "penye kukata". Kosa la maneno mawili kwenye karatasi lilizaa kosa la sekunde nane hewani.

Karatasi nyeupe ya karani ilikuwa uamuzi bora wa siku, na kuna sababu nzito kuliko soda. Olimpiki ya Sochi, mwaka 2014, robo fainali moja ya wanaume iliishia kwa wanaskii watatu kuanguka na kuvuka mstari wakiwa wamelala: Egor Korotkov wa Urusi, Victor Öhling Norberg wa Uswidi na Jouni Pellinen wa Ufini. Armin Niederer wa Uswisi alikuwa tayari mbele. Nafasi ya pili ilikuwa miongoni mwa watatu wanaobingirika, na picha ya mstarini ndiyo iliyompa Korotkov. Jicho la msimulizi, hata lingekuwa la mwewe, lisingeweza.

Tena, hata jedwali rasmi lina tabaka zake. Katika mbio za wanawake za Olimpiki ya Beijing, Februari 2022, Fanny Smith wa Uswisi alivuka wa tatu, waamuzi wakamshusha kwa mguso, shaba ikaenda kwa Daniela Maier wa Ujerumani. Siku chache baadaye tume ya rufaa ya shirikisho la kimataifa la skii, FIS, ikairudisha kwa Smith. Desemba mwaka huohuo yakafikiwa makubaliano: wote wawili ni wa tatu. Kwa hiyo karatasi nyeupe haisemi "ndivyo ilivyo milele". Inasema "ndivyo waamuzi walivyotoa", na msimulizi afaa aitamke hivyo hivyo. Kwa upande wa pili, rufaa haisubiri: fainali ya wanaume ya Sochi ilichukuliwa na Wafaransa watatu, Jean Frédéric Chapuis, Arnaud Bovolenta na Jonathan Midol; Kanada na Slovenia walipolalamika kuhusu suruali zilizonyooshwa ili zikate hewa, walikuwa wamechelewa, muda wa malalamiko ukiwa dakika 15 tu, na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikayatupa madai yao. Karani angeweza kabisa kuwasha saa ya dakika 15 baada ya fainali na kuwaeleza watu kwa nini bado hawajafungua chupa.

Fainali hiyohiyo ya Sochi inatetea uamuzi wa kutumia rangi badala ya nchi. Baadhi ya watazamaji wa Tanga waliomba wasikie nchi, wapate wa kumshabikia. Ombi lina haki, ila watu watatu kati ya wanne wakiwa Wafaransa, "Mfaransa kapita" haimwambii mtu kitu. Beijing 2022 fainali ya wanaume ilikuwa na Waswisi wawili mbele, Ryan Regez na Alex Fiva, na shida ingekuwa ileile. Rangi njiani, jina na nchi langoni na mstarini: mgawanyo huo haukujaribiwa siku ile, na unaonekana kuwa njia ya kuwaridhisha wote. Sharti lake ni karani kumwandikia msimulizi majina manne upya kabla ya kila mbio, kwa kuwa vizibao vinabadilika.

Kuhusu maneno, somo si kwamba lugha ya bahari haifai. "Joshi" na "demani" ni maneno sahihi kupita yote yaliyotamkwa alasiri ile, na ndiyo maana yaliharibu. Mvuvi anayajua kwa ngozi yake, hivyo alielewa kamili kitu ambacho hakikuwepo. Tanga la ngalawa linaishi kwa upepo. Mwanaskii anapigana nao. Neno lenye asili nzuri lakini lililobeba sababu ya kinyume ni baya kuliko neno la kukopa. Jaribio lilikuwa rahisi: kumwuliza mvuvi mmoja kabla ya siku, swali moja tu, "aliye nyuma hapa atapita au hatapita?" "Kuserereka" lilipona kwa sababu lilipitishwa kwa jirani. "Kazibwa upepo" halikupitishwa kwa mtu.

Kusimamisha picha kwa swala tunakuunga mkono, ila kulifanywa bila kuhesabu gharama. Ingewezekana kutangaza mapema kwamba ukumbi utakuwa nyuma kwa dakika kumi na mbili, na kuwaachia wenye simu hiari ya kukaa na siri yao. Watu wa Tanga wakipewa siri waziwazi huitunza kuliko wakikatazwa. Badala yake zikaombwa simu zizimwe, na waliozima wakabaki wanawatilia shaka ambao hawakuzima.

Jambo la mwisho ni dirisha. Kila aliyehojiwa alilitaja kama dogo. Lakini hesabu ya karani inaonyesha kwamba makosa matatu kati ya matano ya kutaja rangi yalitokea kabla ya turubai, wakati buluu na kijani hazikutofautika. Mwenye ukumbi ameshanunua mapazia mawili mazito ya rangi ya kahawia. Karani ameomba la tatu, la mlango wa jikoni, kwa sababu saa kumi na nusu mwanga huingia kutokea huko.